Kompyuta Tatu na Mkono Mmoja

Mimi sina subira, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa mbele ya safari. Tangu utotoni naambiwa sauti yangu ingefaa mnadani. Kwa hiyo kaka zangu wawili walipokaa wiki tatu wakibishana kuhusu kompyuta ya kumnunulia Baba, msidhani walibishana peke yao. Nilikuwepo, na nilisikika mpaka kwa jirani.

Baba alipigwa na kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na sauti ikaondoka. Akili haikuguswa. Daktari alituambia mara tatu kwamba Mzee anaelewa kila kitu, ila njia ya maneno kutokea ndiyo imeziba. Tangu atoke hospitali anakaa kwangu, kwenye chumba cha mbele kinachopata jua la asubuhi. Dawa zake nampa mimi, nguo zake nafua mimi, uji wake naupoza mimi. Mchana nikiwa kazini jirani anamwangalia, na nikirudi kitu cha kwanza ni kugombana na jirani kwa nini dirisha liko wazi.

Sasa Kaka mkubwa akaja na lake. Yeye ni mhandisi wa umeme, anaishi mji mwingine, safari ya saa sita kwa basi, ana nyumba pana na mke aliyestaafu uuguzi. Akasema Baba ahamie kwake. Nikamwambia haiwezekani, Baba haendi popote. Kaka mdogo, ambaye sote tunamwita Mtaalamu kwa sababu anatengeneza kompyuta za chuo, hakutaka kuchukua upande. Ndiye aliyetoa wazo kwamba Mzee aamue mwenyewe, na kwamba kikao kiwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Hakuna aliyepinga. Mimi ningepinga vipi, wakati nilijua jibu?

Tukamuuliza palepale. Kaka alisimama upande huu wa kitanda, mimi upande ule, utadhani tunanadi ng'ombe. Baba anaweza kutikisa kichwa kukubali na kukataa. Ukimuuliza chai, unapata jibu lako. Lakini tulipomuuliza atabaki au atakwenda, alifumba macho. Tulipozidi kumbana, aliinua mkono wa kushoto hewani, akavishusha vidole kimoja kimoja, haraka haraka, kama anayecheza kinanda.

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Baba alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na moja. Alipiga chapa hukumu, hati za kiapo na barua za majaji, na katika jengo lile zima hakukuwa na mwenye kasi kumshinda. Hakutaka kutikisa kichwa. Alitaka kuandika.

Kalamu tulishaijaribu, mkono wa kushoto ulichora minyoo. Simu nayo tulishaijaribu. Kidole kimoja kilibonyeza herufi nne kwa pamoja. Ikabaki kompyuta, hizi za kukunja, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Majina ya kampuni sitayataja, nimeyachoka. Nyumbani tulizipa majina ya watu: ya Kaka, ya Mtaalamu, na yangu. Ya Kaka ni ile nyembamba ya rangi ya fedha. Kwa maelezo yake, ukishaizoea hiyo hutarudi nyuma: betri inakaa kutwa nzima, inawaka kufumba na kufumbua, virusi haviijui, na kila kitu chake kimetengenezwa na watu walewale kwa hiyo hakigombani. Mtaalamu akisikia hivyo alikuwa anacheka puani. Yeye ni wa ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, unaotengenezwa na watu wa dunia nzima kwa kujitolea. Alisema Kaka amenunua pingu za dhahabu, na kwamba mtu mwenye akili anachukua kompyuta ngumu iliyotumika ofisini, anaifuta, anaweka mfumo ambao hakuna kampuni inayoweza kuufungia. Na mimi nilikuwa na wangu, ule wa kawaida uliopo zahanati ninakofanya kazi ya mapokezi, ambao ukiharibika fundi yeyote wa pembeni mwa barabara anaujua. Nikawaambia wote wawili wanajionyesha tu. Walinijibu, nami nikawajibu, na kundi letu la familia kwenye simu likajaa picha za kompyuta na matusi ya adabu.

Ikaja kwanza ya Kaka. Alipanda nayo basi, akalifungua boksi lake polepole mbele ya Baba. Vitufe vyake vilikuwa vyembamba, karibu vilingane na bati lenyewe. Baba aliweka mkono wa kushoto juu yake, akanyoosha mgongo. Akabonyeza. Kwenye kioo zikatoka k mstari mzima na nusu. Akaondoa mkono, akajaribu tena, hakikutoka kitu. Akajaribu tena, zikamwagika b. Kaka akasema atazoea, kila mtu anaanza hivyo. Baba alijaribu kwa dakika kumi, kisha akaisukuma kwa kifundo cha mkono mpaka katikati ya meza.

Mtaalamu hakuficha furaha yake. Wiki iliyofuata akaleta ya kwake, nyeusi, nzito. Alikaa nayo Jumapili nzima sakafuni. Kwanza ilikataa intaneti, halafu ilikataa sauti, na kila ikikataa alifungua kile kidirisha cheusi cha maandishi akawa anaiamrisha kwa lugha ya kichawi huku akinieleza habari za uhuru. Nikamwambia uhuru gani huo wa kumwekea Mzee neno la siri la herufi kumi na mbili. Akaliondoa. Akaweka maandishi makubwa, akamwita Baba. Yakawa yaleyale: k nyingi, kisha kimya, kisha m nyingi. Baba akaisukuma hiyo pia. Kaka alikuwa anatazama kwenye simu ya video, na kicheko chake kilisikika mpaka jikoni.

Nilijiambia sasa wamenipisha. Nilikwenda dukani mwenyewe. Muuzaji, kijana wa tai, aliniuliza nataka ya matumizi gani, kuhariri video au michezo, nikamwambia ya mtu mzima mwenye mkono mmoja. Alifikiri kidogo, akanipeleka kwenye moja ya bluu. Akanisifia vitufe vyake: laini kama siagi, havina kelele hata chembe, mama unaandika na mtoto amelala pembeni hashtuki. Nilivibonyeza mwenyewe. Kweli, havikusikika. Nikaipenda kwa hilo hasa. Nikakumbuka sifa hiyo hata Kaka aliitaja kwa ya kwake, na Mtaalamu kwa ya kwake, nikaona yangu imewazidi wote.

Nyumbani niliiwasha, ikasema inajisasisha, nisiizime. Asilimia nne. Nikapika, nikarudi, asilimia tisa. Baba amekaa mezani, mkono umewekwa tayari, anatazama kioo na kioo kinamtazama. Ilichukua saa moja na nusu. Jamani, mgonjwa anasubirishwa na kitu kilichotoka dukani siku hiyohiyo! Ilipomaliza ikataka kujua yuko nchi gani, anapenda habari gani, kama angependa kusemeshwa. Nilibofya hapana mpaka kidole kikaniuma.

Hatimaye Baba akabonyeza. Hakikutoka kitu. Akabonyeza tena. Kisha zikatoka n, n, n, zikajaza kioo kizima. Akaupitisha mkono mezani mara moja, na kompyuta ikateleza. Niliidaka imeshafika ukingoni.

Hapo nikapasuka. Siwezi kusema nilijisahau, kwa sababu nilijisikia kila neno likitoka.

"Unataka nini, Baba? Tumekuletea tatu! Unataka nini? Sema basi!"

Nilimwambia mtu asiyeweza kusema aseme. Akageuza uso dirishani. Nikaenda kuosha vyombo, na nilivyoviosha, jirani alituma mtu kuuliza kama kuna usalama.

Zilikuwa zimebaki siku sita kufika Jumamosi ya kikao. Usiku ule nilijipa moyo kwamba hata asipoandika, kukaa kimya ni kubaki. Nilijua si kweli. Kaka angesema maneno yake ya kihandisi, Mtaalamu angeinamisha kichwa, na Mzee angepakiwa garini bila mtu kujua alitaka nini. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Baba akae kwangu au asikae, lakini aondoke kama sanduku?

Jumanne ilikuwa kliniki yake ya presha. Nilimsukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka zahanati, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa zamu, nikamweka nyuma ya kaunta, ubavuni mwangu. Kompyuta ya mapokezi ni ya tangu enzi. Kibodi chake kimegeuka rangi ya meno ya mvuta sigara, vitufe vimesimama wima, na ukikitumia kinapiga kelele hivi kwamba wauguzi wanakiita cherehani. Nilikuwa naingiza majina ya wagonjwa, jina, umri, namba ya kadi, wala simwangalii Baba. Ni mgonjwa mmoja aliyeniambia nimtazame mzee wangu.

Vidole vya Baba vilikuwa vinapiga kwenye mkono wa kiti. Nikiandika, vinakwenda. Nikisita, vinasita. Nikakosea jina nikaanza kulifuta, ta, ta, ta, ta, akasonya. Ni msonyo uleule aliokuwa ananisonya nikiwa na miaka kumi na sita, siku alizonifundisha kazi hii kwa mashine ya chuma ya kupigia chapa, amenifunika mikono kwa kitambaa cha jikoni nisione vitufe. Alikuwa anasema nisitazame, nisikilize. Kila kitufe kina mlio wake. Ukiusikia mara moja, umeandika, achia.

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Kisukari kilimwibia Baba hisia za ncha za vidole miaka mingi kabla ya kiharusi. Anaweza kushika kikombe cha moto asijue. Hilo nililijua! Lilikuwa kwenye kadi yake ya kliniki, "ganzi vidoleni", na mwandiko ni wangu, mimi mwenyewe mpokezi. Mtu asiyehisi kitufe chini ya kidole atajuaje kimebonyea? Alikuwa anasubiri mlio. Asipousikia anakandamiza zaidi, na herufi zinamwagika. Na sisi watatu, na elimu zetu, tukamletea kompyuta tatu zinazoshindana kwa ukimya. Tuligombana mfumo, betri, virusi na bei, na kila mmoja akaapa Mzee amekataa ya mwenzake.

Nilikivuta kibodi, nikamwekea Baba mapajani. Mama mmoja kwenye foleni akauliza kwani leo anayeandikisha ni yule. Baba akapapasa, akazipata zile nundu mbili ndogo za kuongozea vidole, akajiweka sawa. Kisha akaanza, ta, ta, ta. Kwanza safu ya mazoezi ya mkono wa kushoto, herufi tano, mara tatu, bila kosa hata moja. Halafu akaandika polepole, na mimi nikasoma kwenye kioo nikiwa nimeziba mdomo:

"foleni ndefu. hudumia wagonjwa."

Foleni nzima ilitaka kujua kwa nini mpokezi anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mganga mkuu aliniazima kibodi cha aina ileile kutoka stoo, kimejaa vumbi. Kichwa cha waya wake kilikuwa cha duara, cha kizamani, hakiingii popote. Mtaalamu akatafuta kiunganishi siku mbili akakipata. Alhamisi tukakichomeka kwenye kompyuta zote tatu, moja baada ya nyingine. Kikafanya kazi kwenye zote. Yangu, ya Kaka, ya Mtaalamu, hakikujali ni ya nani. Mtaalamu akarekebisha na herufi kubwa, ili Baba abonyeze kitufe kimoja kwanza na kingine baadaye, kwa mkono uleule. Mngedhani ugomvi umekwisha. Kaka alipowasili Ijumaa mchana, kabla hajavua viatu aliuliza Mzee atabaki kutumia ipi, na Mtaalamu akamjibu, na nusura nimrushie mmoja wao kikombe.

Baba alishika yangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mezani. Alikuwa ameanza kuandika jibu lake tangu asubuhi. Nilipotaka kukaa karibu alinipungia mkono nitoke. Nikatoka, nikafunga mlango, na nikawa napika huku nasikiliza. Ta. Ta, ta. Kimya. Ta. Sijawahi kupika na furaha namna ile. Nilipanga mambo yote: nitaweka chuma cha kushikia bafuni, nitahamisha kitanda kiwe karibu na dirisha. Nilifanya hata mazoezi ya uso wa unyenyekevu, wa kuuvaa Kaka atakapokuwa anasoma. Nisingemcheka. Ningesema tu, Baba ameamua.

Kama saa tisa mlio ulikoma, na akagonga meza mara mbili. Kaka zangu walikuwa sebuleni wanabishana habari za masasisho, hawakusikia. Niliingia peke yangu. Baba aliniashiria kiti, nikakaa mbele ya kioo. Alikuwa ameipanga kama barua ya ofisini, pambizo zote sawa.

"KWA: Binti yangu.
KUTOKA: Baba yako.
KUHUSU: OMBI LA UHAMISHO.

Naomba kuhamia kwa kaka yako kuanzia kesho, Jumamosi.

Sina malalamiko kuhusu chakula, usafi, dawa wala malazi. Umenitunza kuliko nilivyostahili.

Sababu ni kelele. Mimi na wewe tulifokeana miaka arobaini, na nilikuwa nafurahia, kwa kuwa nilikuwa najibu. Sasa unafoka peke yako. Najibu moyoni na hakuna anayesikia. Nimechoka kushindwa kila siku.

Sikutaka kukukataa kwa kutikisa kichwa mbele ya kaka yako. Ndiyo maana nilisubiri.

Wako,
Baba."

Niliisoma mara ya pili nikitafuta mahali nilipokosea kusoma. Halafu maneno yakanijaa kifuani, yote kwa pamoja. Kwamba nimelala sakafuni wiki mbili pembeni ya kitanda chake. Kwamba ni mimi niliyegundua kibodi, si mhandisi, si mtaalamu. Kwamba mke wa Kaka hajui hata anapenda uji mzito au mwepesi. Nilishafungua mdomo. Nikamwona anavyosubiri: amebana taya, bega la kushoto limepanda juu kidogo, vile mtu anavyojikunja mvua ikianza. Sijui ni mara ngapi amenikalia hivyo miezi hii minne nami sikuona.

Nikafunga mdomo. Uliniuma, nasema kweli, kama nimemeza mfupa.

Barua haikuwa imehifadhiwa. Ningeifunga pale, kompyuta ingeniuliza kama nataka kuihifadhi, ningejibu hapana kama nilivyoizoea kuijibu, na sebuleni wangeambiwa Mzee amechoka, hakuandika kitu. Sitaki kujifanya mtakatifu: kidole kilikwenda. Kilifika mpaka kwenye kona ile ya kufungia. Baba alikiona na hakunyanyua mkono kunizuia.

Nikakirudisha chini. Nikaihifadhi barua, nikaipa jina la Baba. Kisha nikakivuta kibodi upande wangu, nikaweka vidole mahali pake bila kutazama, nikaandika chini ya sahihi yake, taratibu, ili asikie kila herufi: "Ombi limekubaliwa."

Alisogeza uso karibu na kioo akaisoma. Halafu akainua kidole, akakigusisha chini ya mstari wangu, akakiacha hapo mpaka nikaelewa. Sikuwa nimeweka tarehe.

Nikaweka tarehe.